Yule Mwanafunzi wa Kiwanda cha Bia

Mimi ni wa Mafinga, nimekulia kwenye harufu ya mbao. Kwa hiyo utafiti wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa wa miche ya misindano: matuta mawili, moja lenye mbolea, lingine bila, halafu napima urefu. Supavaiza akanirudishia andiko likiwa jekundu tupu. Nilikuwa nimeandika nadharia tete moja tu, kwamba mbolea inakuza miche. Sasa si ndiyo ninachotafuta jamani? Usiku ule nikaanza kumsoma mwenye kipimo chenyewe, ile t ya Student.

Jina lake halisi William Sealy Gosset, mzaliwa wa Canterbury, Uingereza, mwaka 1876. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Shida yake ni yetu sisi wa bumu: sampuli ndogo. Wanatakwimu wa enzi zile walizoea vipimo mamia kwa mamia, yeye alikuwa navyo vichache. Mwaka 1906 akaenda London kusoma kwa Karl Pearson, na 1908 akachapisha makala. Kampuni haikuruhusu wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, basi akajiita Student, yaani Mwanafunzi. (Tunaolalamika hatujulikani chuoni, tupo na wakubwa.)

Kwenye makala ile alitumia wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa mbili za usingizi. Ya kwanza iliwaongezea wastani wa saa 0.75, ya pili saa 2.33. Kwa macho, ya pili imeshinda. Lakini watu 10 tu! Je, pengo la saa 1.58 haliwezi kuletwa na bahati?

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Kusema mbolea inakuza hakuhesabiki. Inakuza kwa kiasi gani? Ila ukichukulia kwamba tofauti ya wastani ni sifuri, unaweza kukokotoa ni mara ngapi bahati ingeleta pengo kama ulilopata. Hiyo ndiyo nadharia tete ya sifuri, jina alilolitia Ronald Fisher kitabuni mwaka 1935. Unaisimamisha ili uijaribu, hata kama huiamini.

Na mwenzake, nadharia tete mbadala? Mwaka 1926 Gosset alimwandikia barua Egon Pearson, mtoto wa Karl. Alimweleza kwamba matokeo kuwa adimu hakutoshi kuitupa nadharia. Unaitupa kukiwa na nyingine inayoyaeleza vizuri zaidi. Pearson na Jerzy Neyman wakajenga juu ya wazo hilo. Gosset alifariki 1937, bado yuko Guinness.

Nikaandika upya. Ya sifuri: wastani wa urefu wa miche yote ya aina hii inayopewa mbolea ni sawa na wa ile isiyopewa. Mbadala: wastani wa makundi hayo hauko sawa. Nimesema yote, kwa sababu ile ya kwenye matuta yangu nitaipima kwa rula, haihitaji nadharia. Na sikuandika kwamba wenye mbolea ni mkubwa zaidi, maana baba mdogo, mtu wa vitalu, alishanionya kuwa mbolea ikizidi inaunguza miche. Yote hayo niliyaandika kabla sijagusa rula.

Andiko likapita. Safari hii wino mwekundu ulikuwa kwenye bajeti tu.