Hubert Trowell, daktari wa Mulago aliyeuona ugonjwa wa moyo ukiingia Uganda

Mtu mzima anayefika zahanati leo, iwe Makenke mjini Mbarara au ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa kawaida hufungwa mkanda mkononi na kupimwa presha kabla hajaulizwa mengi. Si jambo geni tena kusikia kwamba jirani amepooza upande mmoja, au kwamba mzee fulani ameanguka ghafla kwa moyo. Miaka 90 iliyopita mambo hayakuwa hivyo katika Afrika Mashariki. Mmoja wa watu waliotumia sehemu kubwa ya maisha yao kuuliza sababu alikuwa Mwingereza, Daktari Hubert Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala.

Hubert Carey Trowell alizaliwa mwaka 1904 na kusomea udaktari katika hospitali ya St Thomas', London. Mwaka 1929 yeye na mkewe Margaret walihamia Kenya, alikoajiriwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1935 wakavuka kuja Uganda. Margaret hakuishi katika kivuli cha mumewe: ndiye aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, na shule ya sanaa ya chuo hicho ingali na jina lake. Huenda Waganda wanaolijua jina la mke ni wengi kuliko wanaolijua la mume.

Mwaka huohuo wa 1929, daktari mwingine aitwaye Donnison alichapisha matokeo ya kuwapima presha watu 1,000 wa Kavirondo Kusini, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Ulaya ilikwishajulikana kwamba shinikizo la damu hupanda kadiri umri unavyosonga. Kando ya ziwa halikupanda. Kwa waliopita miaka 40 lilielekea hata kushuka. Walikuwapo wataalamu walioridhika kusema kwamba Mwafrika ameumbwa hivyo. Jibu la namna hiyo ni jepesi, kwa kuwa humwondolea mtu kazi ya kutafuta zaidi.

Trowell alikwisha kuwa na sababu ya kuogopa majibu mepesi. Kilichomshughulisha zaidi katika miaka yake ya mwanzo ni watoto waliovimba miguu na nyuso, ngozi ikibambuka na nywele zikififia rangi. Waganda waliuita ugonjwa huo obwosi, wakauhusisha na mama kushika mimba nyingine kabla mtoto hajakua vya kutosha. Kwa Kiswahili ni unyafuzi. Kwa muda mrefu Trowell aliushughulikia kama upungufu wa vitamini, na watoto waliendelea kufa mikononi mwake. Mwenzake wa Mulago, Daktari Davies, aliyechunguza miili ya waliofariki, alikuta kongosho limesinyaa. Kongosho ndilo linalotengeneza vimeng'enya, yaani vichocheo vinavyovunjavunja chakula tumboni. Mwili uliokosa protini ulikuwa umepoteza hata zana za kukitumia chakula kidogo uliochopata. Hatimaye maziwa yakawa msingi wa tiba, na mwaka 1954 Trowell, Davies na Daktari Dean wakatoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo. Ukitazama jinsi Waganda walivyoeleza chanzo chake, utaona kwamba hawakuwa mbali na ukweli: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema ndiye aliyekuwa hatarini.

Akiwa na somo hilo alirudi kwenye swali la mishipa ya damu. Mulago ilikuwa na wodi zilizojaa na madaktari waliopasua maiti kwa uangalifu kila mwaka, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba, ambao ulikuwa ukiua wanaume wengi wa makamo Ulaya na Marekani, haukuonekana. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake Singh walichapisha habari za mgonjwa mmoja wa Kiafrika aliyekuwa nao. Alikuwa jaji, mtu mnene aliyezoea maisha na vyakula vya Kizungu. Taarifa ya mgonjwa mmoja ni kitu kidogo katika jarida la madaktari. Uzito wake ulitokana na kwamba aliyeiandika alikuwa amekaa Afrika Mashariki zaidi ya robo karne akingoja kumwona mgonjwa wa aina hiyo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika, aliwaweka Waafrika wa hapa kando ya watu wa asili ya Afrika walioko Marekani. Wale wa ng'ambo walikuwa na presha ya juu tele. Basi asili haikuwa kinga. Kilichobadilika ni chumvi, unga uliokobolewa, sukari, unene na namna ya kuishi. Miongo mitatu baadaye uchunguzi uliowafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi ulionyesha kwamba presha yao ilipanda katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini.

Kinachotokea ndani ya mshipa wenyewe kilikuja kufahamika baada ya Trowell kuondoka Mulago. Ukuta wa ateri una tabaka la seli za misuli, ambazo kwa mtu mwenye afya kazi yake ni kukaza na kulegeza mshipa. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake mjini Seattle, Marekani, walionyesha kwamba seli hizo zikipewa majimaji ya damu iliyoganda huzaliana, lakini zikipewa majimaji ya damu isiyoganda hutulia. Tofauti ilitokana na kichocheo cha ukuaji kinachomwagwa na chembe ndogo zinazogandisha damu pale mshipa unapojeruhiwa. Kichocheo hicho hunasa kwenye ngozi ya seli ya msuli na kuwasha kimeng'enya kilicho upande wa ndani. Kimeng'enya hicho huamsha vingine, hadi seli inaacha kazi yake ya kukaza mshipa na kuanza kugawanyika. Seli hizo hutoa pia vimeng'enya vya kukata nyuzi zinazozizunguka, zikapata njia ya kuhamia upande wa ndani wa mshipa. Jeraha dogo hupona kwa njia hiyo. Lakini presha ya juu, moshi wa sigara na mafuta mengi katika damu huujeruhi ukuta kila siku, nao huzidi kuwa mnene mpaka damu inakosa nafasi ya kupita.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Nakivale ilipokuwa inaanza kujulikana kama makazi ya waliokimbia Rwanda. Huko Uingereza alipewa upadri wa Kianglikana na kuhudumia parokia moja karibu na Salisbury. Angeweza kuishia hapo. Badala yake aliungana na Denis Burkitt, daktari mwingine wa zamani wa Mulago, na miaka ya 1970 wakaanza kuhubiri faida za nyuzinyuzi katika chakula: maharage, matunda, nafaka isiyokobolewa. Katika hilo alivuka mpaka mara kadhaa, akizibebesha nyuzinyuzi sifa nyingi kuliko ushahidi uliokuwapo. Juu ya chumvi na presha, utafiti wa baadaye umekuwa upande wake.

Mwaka 1981 yeye na Burkitt walihariri kitabu kilichokusanya taarifa kutoka sehemu nyingi za dunia kuhusu jinsi magonjwa hayo yanavyoingia mahali yalipokuwa hayajulikani. Margaret alifariki mwaka 1985. Hubert alimfuata mwaka 1989, mwaka ambao Mbarara ilipata chuo kikuu chake cha sayansi na kuanza kufundisha madaktari wake yenyewe.