Harry Marshall Ward na Kutu ya Majani ya Kahawa

Katika miteremko ya Mlima Meru mibuni hukua chini ya kivuli cha migomba. Mkulima akigeuza jani la mbuni, huenda akaona upande wa chini mabaka ya rangi ya machungwa, yenye unga kama wa chuma kilichoshika kutu. Ugonjwa huo huitwa kutu ya majani. Aliyeeleza kwa majaribio jinsi unavyoenea alikuwa Harry Marshall Ward, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza.

Ward alizaliwa mwaka 1854 katika mji wa Hereford. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1879. Wakati huo wakulima wa kahawa wa Ceylon, kisiwa ambacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka, walikuwa katika taabu kubwa. Kutu ilikuwa imeonekana huko mwaka 1869. Majani yalipukutika, mavuno yakapungua. Baadhi ya watu walilaumu udongo, wengine hali ya hewa. Mwaka 1880 Ward alipelekwa kisiwani akachunguze chanzo.

Alichukua vipande vya kioo, akavipaka glisarini ili vinate, kisha akavitundika shambani. Alipovitazama kwa hadubini aliona spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, zilizoletwa na upepo. Kisha aliziweka spora katika matone ya maji juu ya majani mazima. Kila spora iliyoota ilitoa uzi mwembamba, nao uzi ukaingia ndani ya jani kwa kupitia tundu dogo la kupumulia. Baada ya wiki mbili tatu mabaka ya machungwa yalitokea. Pasipo maji, spora haikuota. Hivyo udongo haukuwa na hatia.

Ward aliona pia kwamba vilima vya Ceylon vilikuwa vimefunikwa na mibuni mitupu, shamba likipakana na shamba, na upepo haukuwa na kizuizi. Alieleza kwamba dawa hufaa ikiwa juu ya jani kabla spora haijaota. Uzi ukishaingia ndani, dawa haiufikii. Wakulima walikuwa wakingojea dawa ya kuponya, naye hakuwa nayo. Aliondoka mwaka 1882. Mashamba mengi yaliachwa, vibarua wengi wakakosa kazi, na chai ikachukua nafasi ya kahawa. Dawa ya mrututu na chokaa, iliyosaidia sana baadaye, ilitangazwa Ufaransa mwaka 1885.

Ward hakuacha kuzichunguza kuvu. Mwaka 1888 alieleza ugonjwa wa mayungiyungi. Aliona kwamba ncha za nyuzi za kuvu yake hutoa kimiminika kinachoyeyusha kuta za seli za mmea. Kitu hicho ni kimeng'enya, kama vile vilivyomo tumboni mwetu vinavyosaga chakula. Kuvu haina mdomo. Humeng'enya chakula chake nje ya mwili, kisha hukifyonza.

Mwaka 1895 Ward alikuwa profesa wa mimea huko Cambridge. Alifariki mwaka 1906, kabla neno jeni halijatungwa. Leo tunajua kwamba jeni za kuvu ndizo zenye maagizo ya kutengeneza kila kimeng'enya. Wataalamu wakiharibu jeni moja katika maabara, pengine kuvu hushindwa kabisa kuingia katika mmea.

Kuvu za kutu zina tabia ya ajabu zaidi. Haziui seli mara moja, bali hunyonya chakula kutoka katika seli zilizo hai. Baadhi yake zimepoteza hata jeni za kutumia naitreti, kwa kuwa jani huzipatia naitrojeni iliyokwisha kutayarishwa. Kwa hiyo haziwezi kuishi peke yake. Jani likifa, nazo hufa.

Mibuni ya Arusha ina adui mwingine, chulebuni, inayooza matunda mabichi. Chulebuni hupenda sehemu za juu zenye baridi na ukungu. Kutu huzidi sehemu za chini zenye joto. Katika kituo cha Lyamungu, karibu na Moshi, wataalamu wamezalisha aina za mibuni zinazostahimili magonjwa yote mawili. Hata hivyo, jeni za kuvu nazo hubadilika, na kutu mpya huweza kuishinda mibuni iliyokuwa salama jana.

Kazi ya kufanya: Tafuta jani la mbuni lenye mabaka. Litazame upande wa chini kwa lenzi, kisha ligusishe taratibu kwenye karatasi nyeupe. Unaona nini juu ya karatasi?