Seymour Cray: Mbunifu wa kompyuta aliyekitetea kichakataji kimoja

Seymour Cray, aliyezaliwa Septemba 28, 1925 mjini Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin, Marekani, alitumia karibu maisha yake yote kutetea kichakataji kimoja chenye kasi kubwa dhidi ya vingi vilivyo dhaifu. Kompyuta zake CDC 6600, ya mwaka 1964, na Cray-1, ya mwaka 1976, zilimpa sifa duniani kote.

Hoja yake ilikuwa na mashiko, na bado inayo. Kazi ambayo hatua yake ya pili husubiri jibu la hatua ya kwanza haigawanyiki. Ndiyo maana kompyuta ya leo yenye viini vinane yaweza kukiachia kiini kimoja mzigo wote, huku saba vikikaa bure.

Hata hivyo, soko halikumsubiri. Vita Baridi ilipokwisha, fedha za serikali zilipungua, na mashine zilizounganisha mamia ya vichakataji vya bei nafuu zikashika kasi. Kampuni yake, Cray Computer Corporation, ilifilisika mwaka 1995.

Ajabu ni kwamba mwaka 1996 alianzisha kampuni nyingine na kuanza kubuni mashine ya vichakataji vingi. Septemba 22 mwaka huo alipata ajali ya gari huko Colorado Springs, na akafariki dunia Oktoba 5, akiwa na umri wa miaka 71.