Joseph Kabasele: santuri za awali za sauti iliyoimba uhuru wa Kongo

Kila ifikapo tarehe 30 Juni, redio za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupiga tena wimbo ambao wazee huuimba kwa kumbukumbu na vijana huuimba kwa mazoea. Wimbo huo ni Indépendance Cha Cha. Aliyeuimba, Joseph Kabasele, maarufu kwa jina la Grand Kallé, alifariki dunia zaidi ya miaka 40 iliyopita. Umaarufu wa wimbo huo mmoja umemjengea heshima ya kudumu, lakini pia umezifunika santuri zake za awali, ambamo muziki wa dansi wa nchi hiyo jirani ulipata sura tunayoijua leo.

Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 mjini Matadi, bandari iliyo karibu na mlango wa Mto Kongo, na akakulia Leopoldville, mji ambao sasa ni Kinshasa. Alipata elimu ya shule za misheni na kuimba katika kwaya ya kanisa. Wanaomsikiliza kwa makini huitambua kwaya hiyo katika uimbaji wake wote: matamshi safi, pumzi iliyopimwa, na ustadi wa kupanga sauti ya pili na ya tatu chini ya sauti kiongozi.

Leopoldville ya ujana wake ilikuwa mji wa mabaa, redio na wafanyabiashara wa santuri. Tangu miaka ya 1930, santuri za Kikuba zilikuwa zikiuzwa katika miji ya Afrika, na Wakongo waliupokea mdundo wake kama ndugu aliyerejea kutoka safari ndefu, kwa kuwa sehemu ya mizizi yake ilivushwa bahari na watu waliouzwa utumwani kutoka pwani hiyohiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wafanyabiashara kutoka Ulaya walifungua studio za kurekodi: Ngoma, Loningisa na Opika. Mwaka 1948, Wendo Kolosoy alitikisa mji kwa wimbo Marie-Louise, akisindikizwa na gitaa la Henri Bowane. Huo ulikuwa muziki wa mwimbaji na gitaa lake. Bendi kamili ya kisasa, yenye mpangilio wa sauti na ala, ilikuwa bado inatafutwa.

Hapo ndipo Kabasele alipoingia. Alianza kurekodi katika studio ya Opika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1953 akaunda African Jazz. Jina hilo lisimpoteze msikilizaji. Katika miji ya Afrika ya wakati huo, neno jazi halikumaanisha lazima muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilikuwa alama ya usasa, ya vijana waliovaa suti na kupiga ala za kizungu kwa mdundo wao wenyewe. Tanganyika nayo ilikuwa na Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz, na hakuna aliyeona ajabu kwamba zilipiga muziki wa dansi.

Santuri hizo za Opika zilikuwa za mizunguko 78 kwa dakika, nzito, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu, na katika muda huo mfupi ilibidi kusimuliwa penzi zima. Miongoni mwa zile zilizopendwa sana ni Parafifi, ya mwaka 1953, iliyotungwa kumsifu mwanamke mtangazaji wa redio aliyeitwa Félicité. Ni jambo la kupendeza kwetu tunaofanya kazi ya utangazaji kwamba mojawapo ya nyimbo kuu za kwanza za rumba ya Kongo ilichochewa na sauti iliyosikika hewani.

Anayesikiliza rekodi hizo leo huvutiwa kwanza na utulivu wake. Kabasele hapigi kelele wala hashindani na ala. Sauti yake ni nyepesi, ya juu, yenye huzuni kidogo, na kila silabi ya Kilingala husikika hata kwa asiyeielewa lugha hiyo. Huanza wimbo kama mtu anayezungumza na rafiki mmoja, kisha wenzake humpokea kwa pamoja katika kiitikio. Baadaye maneno hunyamaza na gitaa huchukua nafasi.

Gitaa hilo lina historia yake. Tino Baroza alikuwa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo, kisha wakaja ndugu wawili: Charles Mwamba, aliyejulikana kama Déchaud, na mdogo wake Nicolas Kasanda, ambaye dunia ilimjua baadaye kama Dr Nico. Nico alijiunga akiwa bado mwanafunzi. Kabasele, ambaye angeweza kuijaza santuri yote kwa sauti yake, alimwachia kijana huyo nafasi ya kusema kwa nyuzi. Uamuzi huo ulizaa mtindo ambao wapigaji wa gitaa wa Afrika Mashariki na Kati waliuiga kwa miaka mingi. Tumba na ala za kupuliza nazo zilipata nafasi ya heshima katika bendi hiyo.

Januari 1960, viongozi wa Kongo walikutana na serikali ya Ubelgiji mjini Brussels katika Mkutano wa Meza ya Duara. Kabasele alisafiri huko na wanamuziki wenzake, wakiwemo Nico na Déchaud, pamoja na Vicky Longomba na Brazzos kutoka bendi pinzani ya OK Jazz. Tarehe 27 Januari ilipokubaliwa kuwa nchi ingejitawala Juni 30, wimbo ulikuwa tayari kuisindikiza habari hiyo. Ndani yake vyama na viongozi wametajwa bega kwa bega: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Tshombe, Kalonji na wengine.

Msikilizaji anayejua kilichofuata hawezi kuyasikia majina hayo bila uchungu. Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Agosti Kalonji akafanya hivyo Kasai Kusini. Tarehe 17 Januari 1961, hata mwaka mmoja haujapita tangu wimbo utungwe, Lumumba aliuawa huko Katanga. Umoja ambao siasa ilishindwa kuulinda ulibaki umehifadhiwa kwenye santuri ya dakika tatu.

Katika kipindi hicho Kabasele aliunda lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, hatua kubwa kwa msanii Mwafrika katika biashara iliyoshikwa na wageni. Alimpa nafasi kijana Tabu Ley Rochereau, na huko Brussels akamkaribisha Manu Dibango wa Kamerun na saksafoni yake. Lakini mlezi mwema si lazima awe mgavi mwema. Malalamiko kuhusu malipo yaliongezeka, na mwaka 1963 Nico na Rochereau waliondoka pamoja na wenzao, wakaunda African Fiesta. Kabasele aliijenga upya bendi yake, na baadaye akarekodi Paris na kundi la African Team, ila enzi yake ilikuwa imepita mikononi mwa aliowafundisha.

Alifariki dunia tarehe 11 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 52, baada ya kuugua. Desemba 2021, UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville.

Heshima hiyo ni ya wengi, lakini anayetaka kujua ilianzia wapi hana budi kurudi nyuma ya wimbo wa uhuru, kwenye zile rekodi za Opika zenye mikwaruzo. Nyingi zimetolewa upya katika mikusanyiko ya miaka ya karibuni. Humo yumo Kabasele kabla ya bendera na hotuba: kijana wa miaka ishirini na kitu, amesimama mbele ya kipaza sauti, akimwimbia mwanamke wa redioni.