Bobby Timmons na wimbo uliomfunga

Ninayo santuri moja ambayo nikishaiweka siiondoi mpaka upande uishe. Ni ya Art Blakey, yule mpiga ngoma Mmarekani Mweusi aliyesilimu akaitwa Abdullah ibn Buhaina, pamoja na bendi yake ya Jazz Messengers. Ilirekodiwa Oktoba 30, 1958. Jina kubwa juu ya jalada ni la Blakey, lakini wimbo wa kwanza, Moanin', ulitungwa na mpiga piano wake, kijana ambaye hata miaka 23 alikuwa hajatimiza.

Huyo ndiye Bobby Timmons, mzaliwa wa Philadelphia, Desemba 19, 1935. Alilelewa na babu yake, kasisi, na utotoni alipiga muziki kanisani humo humo.

Malezi hayo hayakumtoka vidoleni. Katika Moanin' piano huanza peke yake kwa kipande kifupi, kisha tarumbeta na saksafoni hujibu kwa sauti mbili tu, kama jamaa wanaoitikia amina. Sisi tuliokulia penye maulidi na kasida hatuhitaji kufunzwa jambo hilo. (Silinganishi ibada na muziki wa kilabu, nasema mpangilio tu.) Zamu yake ikifika, mkono wa kulia hukimbia sauti moja moja, mwepesi, halafu ghafla mikono yote miwili hushuka pamoja kwa kishindo.

Ajabu ni kwamba mwenyewe alikiona kipande kile kuwa mchezo tu, akikidonoa baina ya nyimbo. Mpiga saksafoni Benny Golson ndiye aliyemshikilia mpaka akatunga sehemu ya kati, ukawa wimbo kamili.

Mwaka 1959 alihamia kwa Cannonball Adderley. Oktoba hiyo walirekodi This Here mjini San Francisco, nao ukauzwa sana. Ukafuata Dat Dere mwaka 1960. Alirudi kwa Blakey, kisha akaongoza kikundi chake cha watu watatu.

Hapo ndipo ninapomhurumia. Watu walimtaka awapikie chakula kile kile kila siku, na wakosoaji wakamhesabu fundi wa vijinyimbo vyepesi. Atakayesikiliza santuri yake ya mwaka 1961, iliyorekodiwa katika kilabu ya Village Vanguard mjini New York, Ron Carter akiwa kwenye besi, atamkuta mtu mwingine: mpole, mwenye subira, anayeuchambua wimbo wa zamani kama Autumn Leaves bila papara.

Pombe ilimmaliza. Ini liliharibika, akafariki New York Machi 1, 1974, akiwa na umri wa miaka 38.

Blakey, aliyemzidi miaka 16, alifariki mwaka 1990. Miaka yote hiyo ya kati aliendelea kuupiga Moanin', vijana wengine wakikalia kiti cha piano.