Florence Nightingale na Hesabu Zake

Ile tarehe 12 Mei ambayo manesi wetu husherehekea kila mwaka ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka wa 1820, katika mji wa Florence, Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Akiwa na miaka 16 alisadiki kwamba Mungu amemwita, lakini nyumbani hawakutaka kusikia habari za unesi, kazi iliyodharauliwa sana siku hizo. Alingoja hadi 1851 ndipo akapata mafunzo ya miezi mitatu hivi kule Kaiserswerth, Ujerumani, kwenye kituo cha Mchungaji Theodor Fliedner.

Wengi tunamjua kwa ile taa. Mwaka wa 1854, wakati wa Vita vya Crimea, alifika na manesi 38 katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, karibu na Istanbul. Alitafuta chakula, mashati na sabuni, na usiku alizunguka wadi na taa mkononi. Lakini watu walizidi kufa tu. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100, kama 42 hivi walikufa, wengi wao kwa magonjwa wala si kwa majeraha. Chini ya jengo kulikuwa na mitaro ya maji taka iliyoziba. Machi wakaja maofisa wa usafi kutoka Uingereza: wakazibua mitaro, wakaondoa mizoga, wakapaka kuta chokaa, wakafungua hewa ipite. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi kama 2 kwa 100.

Florence alirudi nyumbani 1856 akiamini kwamba wale askari walifika wakiwa tayari wameisha kwa njaa na baridi. Kisha akaketi na William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakapitia hesabu. Zikaonyesha kwamba hospitali yenyewe, ile aliyoihudumia usiku na mchana, ndiyo ilikuwa inaua. Mimi nilisomea biashara, na najua jinsi hesabu mbaya inavyoweza kufichwa ndani ya ripoti. Yeye alizichora kwa rangi mwaka wa 1858 ili wakubwa wa serikali wazione vizuri.

Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha uuguzi. Humo anapinga ile tabia ya kuuliza tu kama mgonjwa amelala vizuri. Taka kujua amelala saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Hapo alinishika, maana swali langu nikitembelea wagonjwa ni hilo hilo. Siku moja mama mmoja alinijibu amelala vizuri, nikashukuru Mungu, nikafumba macho tuombe. Nesi aliyekuwa kando akamwuliza ameamka mara ngapi kukohoa. Kumbe hakulala kabisa, alikuwa ameketi usiku kucha akitafuta pumzi. Nesi akamhesabia pumzi, akaenda kumwita daktari. Maombi yalingoja kidogo.

Mwaka wa 1860 Florence alifungua shule ya manesi katika hospitali ya St Thomas, London. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa miaka mingi, akifanya kazi kitandani kwa barua na ripoti. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Kwenye kaburi lake waliandika herufi za kwanza za jina lake na tarehe, basi.