Ludwig Windthorst, mtetezi wa haki

Watu wengi hufikiri kwamba mwenye nguvu ni yule mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa. Sivyo. Zamani, katika inchi ya Udachi, ndiyo Ujerumani, palikuwa na mtu mfupi sana, mwenye kichwa kikubwa na macho mabovu. Hakuwa na askari, wala hakuwa na mali nyingi. Lakini waziri mkubwa wa inchi, aliyeshinda wafalme vitani, hakuweza kumnyamazisha. Jina lake Ludwig Windthorst.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1812, karibu na mji wa Osnabrück, katika jamaa ya Wakatoliki. Alipokuwa na miaka kumi, baba yake akafa. Ludwig hakukata tamaa. Akasoma kwa bidii, akajifunza sheria katika miji ya Göttingen na Heidelberg, kisha akawa wakili.

Siku zile Udachi haikuwa inchi moja. Kulikuwa na falme nyingi, na kwao Windthorst ilikuwa ufalme wa Hannover. Mwaka 1849 watu walimchagua kuwa mjumbe katika Baraza la ufalme ule. Mwaka 1851 mfalme akamfanya waziri wa sheria. Kabla yake hapakuwa na Mkatoliki hata mmoja aliyepata kuwa waziri katika Hannover.

Mwaka 1866 vita vikatokea. Ufalme wa Prussia uliishinda Hannover na kuimeza, na mfalme wake akafukuzwa. Windthorst alihuzunika sana. Angeweza kukaa nyumbani na kinyongo chake. Lakini mwaka 1867 watu wa Meppen walimchagua aende Berlin kuwasemea, naye akakubali. Akawa mjumbe katika Mabaraza mawili: Baraza la Prussia na Baraza la Wadachi. Watu wa Meppen walimchagua tena na tena kwa muda wa miaka 24, mpaka kufa kwake.

Aliyetawala mambo yote katika Berlin alikuwa Bismarck, waziri mkubwa. Mwaka 1871 aliunganisha falme za Udachi kuwa dola moja. Kisha akaanza kuwaogopa Wakatoliki, akidhani kwamba wanamtii Papa kuliko serikali. Ndipo sheria kali zikatungwa. Mwaka 1872 Wayezuiti walifukuzwa. Mwaka 1873 serikali ikaamuru kwamba padri asiwekwe katika parokia bila ruhusa yake. Maaskofu waliokataa wakatiwa gerezani. Parokia nyingi zikabaki bila padri. Wagonjwa wakafa bila Sakramenti, kwa sababu padri asiye na ruhusa aliyewahudumia aliweza kufungwa.

Wakatoliki wangefanya nini? Windthorst hakuwaambia washike silaha. Aliwafundisha kushika njia ya haki: kuvumilia, kukusanyika, kuchagua wajumbe wema. Mwaka 1871 chama chao, kilichoitwa Zentrum, kilikuwa na wajumbe 63 katika Baraza la Wadachi. Mwaka 1874, wakati wa mateso, wakawa 91. Windthorst ndiye aliyewaongoza.

Macho yake yalizidi kuwa mabovu, hata hakuweza kusoma karatasi zake. Wengine walimsomea, naye akashika yote kwa akili. Kisha alisimama Barazani bila karatasi mkononi, akajibu neno kwa neno. Hakutukana. Mara nyingi aliwachekesha hata adui zake. Mara kwa mara aliomba kwamba padri asipewe azabu kwa kusoma Misa na kutoa Sakramenti. Walimkatalia, naye akaomba tena. Bismarck mwenyewe alisema kwamba ana mke wa kumpenda na Windthorst wa kumchukia.

Lakini Windthorst hakutafuta haki ya Wakatoliki peke yao. Mwaka 1878 serikali ilitaka sheria ya kuwakomesha wasosialisti. Hawa hawakuwa rafiki za Eklezya. Hata hivyo Windthorst aliikataa sheria ile, kwa maana sheria inayomwonea mmoja leo itamwonea mwingine kesho. Mwaka 1880 watu fulani walitaka kuwapunguzia Wayahudi haki zao. Wengine wa chama chake walikubali maneno yale, lakini yeye aliwatetea Wayahudi.

Mwaka 1887 alipata jaribu gumu. Serikali ilitaka feza za jeshi kwa miaka saba. Papa Leo XIII, akitafuta amani kwa Eklezya, alipenda wajumbe Wakatoliki wakubali. Windthorst alimheshimu sana Papa na kumtii katika mambo ya dini. Lakini aliona kwamba feza za jeshi ni kazi ya wajumbe waliochaguliwa na watu, wafuate zamiri zao. Akasimama mbele ya Wakatoliki katika mji wa Köln, akawaeleza jambo hili wazi. Watu wakamwelewa. Katika miaka ile ile, sheria nyingi za mateso ziliondolewa.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watumwa katika Afrika. Mapadri wake walikuwa wamefika kando ya ziwa Tanganyika tangu mwaka 1879, wakaona misafara ya watumwa kwa macho yao. Windthorst alipeleka neno hilo Barazani, na Baraza likakubali kwamba biashara ya watu ikomeshwe. Lakini serikali ilitumia neno lile jema pia kwa kupeleka askari pwani ya Afrika ya Mashariki, na kuwatiisha watu waliokataa kutawaliwa.

Mwezi wa Machi 1890 Bismarck aliondolewa kazini. Windthorst, mzee na karibu kipofu, alikuwa bado mahali pake Barazani. Alikufa katika Berlin tarehe 14 Machi 1891. Alizikwa Hannover, katika kanisa la Maria, alilojenga kwa zawadi za Wakatoliki. Mtu mfupi alikuwa amesimama imara hata mwisho.

Maulizo

1. Kwa nini Windthorst alikataa sheria juu ya wasosialisti, ingawa hawakuwa rafiki za Eklezya?
2. Alitumia silaha gani katika vita vyake?
3. Je, ni vyepesi kumtetea mtu asiyetupenda? Eleza.